Mfuko hauna dawa: namna ninavyofunga mahindi yangu hapa Gairo

Shemeji yangu wa Kilindi alinipigia simu juzi, sauti imepanda kama mtu anayedai. "Shemeji, ile mifuko yako imeniozea mahindi." Nikamuuliza aliyaanika siku ngapi. Akakohoa. Nikamuuliza kama aliyapima kwa chumvi. Akasema chumvi ya nini tena, yeye anahifadhi mahindi, hapiki mboga. Hapo nikajua kilichotokea, maana mwaka wangu wa kwanza na mimi nilifanya hayohayo. Nilifungua mfuko mwezi wa kumi na moja, harufu kama ya pombe ya komoni ikanipokea, na debe tano za mahindi zikaenda shimoni.

Kwa hiyo naandika hapa namna ninavyofanya tangu kupukuchua mpaka kufungua, ili shemeji asome taratibu badala ya kunigombeza kwenye simu.

Mfuko ninaousema ni ule wa PICS, wengine huku wanauita Kinga Njaa. Shemeji anadhani una dawa. Hauna hata chembe. Ni mifuko miwili ya nailoni nzito, mmoja ndani ya mwingine, kila mmoja una unene wa mikroni 80, halafu salfeti ya nje ya kubeba uzito. Basi. Kinachoua wadudu ni wadudu wenyewe. Ukishafunga, ndani inabaki hewa kidogo katikati ya punje, na hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Fukusi na mabuu yao wanaipumua mpaka inapungua, nyingine haiingii kwa sababu nailoni ni nzito na shingo imekazwa. Wanaacha kula, wanaacha kutaga, wanakufa.

Bwana shamba wetu aliponieleza wanavyokufa nilicheka mpaka nikaona aibu. Fukusi hanywi maji. Anaishi ndani ya punje kavu, na maji ya mwili anayapata kwa kuunguza kile anachokula. Kuunguza kunataka oksijeni, kama jiko la mkaa. Ukimnyima hewa umemnyima maji. Kwa hiyo mdudu yupo katikati ya chakula kilo mia, na anakufa kwa kiu.

Jambo hili halikuokotwa njiani. Mwaka 1987 Larry Murdock, mtaalamu wa wadudu wa Chuo Kikuu cha Purdue, ambacho ni chuo cha umma kule jimbo la Indiana, Marekani, alianza kufanya kazi na watafiti wa kilimo wa Kameruni. Fedha zilitoka USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, yaani kodi za Wamarekani. Tatizo lilikuwa kunde: mkulima wa kaskazini mwa Kameruni anavuna, baada ya miezi michache kila kunde ina tundu. Walijaribu njia kadhaa, hata kuzianika kunde juani chini ya karatasi za nailoni mpaka joto linafika nyuzi 57 na wadudu wote wanakufa. Mifuko ya kufunga ndiyo iliyosafiri zaidi. Ile herufi C kwenye PICS mwanzoni ilikuwa ya "cowpea", yaani kunde kwa Kiingereza. Ilipoonekana kwamba mahindi, maharage na mtama navyo vinakaa salama, wakaigeuza ikawa ya "crop", yaani zao lolote. Na habari ya kufa kwa kiu waliichapisha kwa ukamilifu mwaka 2012, miaka 25 baada ya kuanza. Mimi najali kitu kimoja tu katika hadithi hii: akili yote ya hao watu imeishia kwenye kuzuia hewa. Ukiacha hewa ipite, umenunua nailoni ya gharama.

Sasa kazi.

Kuanika ndiko kunakokula muda, na ndiko watu wanakoiba siku. Huku kwetu tunavuna mwezi wa sita na wa saba. Usiyaache mahindi shambani eti yakauke vizuri zaidi, maana dumuzi anaanza kazi yakiwa bado yamesimama. Yule dumuzi mkubwa, ambaye wazee wanamwita Skania kama lori, si mwenyeji wetu. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, akaonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1983 Wakenya wakamkuta Taveta. Ukishamsikia anasaga usiku kwenye kihenge hulali. Kwa hiyo vuna, menya, pukuchua. Kama unapukuchua kwa kupiga na fimbo kwenye gunia, piga kwa huruma, kwa sababu punje iliyopasuka ni mlango wa ukungu.

Anika juu ya turubai. Si chini, wala si kando ya lami. Udongo ndio makazi ya ule ukungu unaotoa sumukuvu, na sisi wa kanda hii hatuhitaji kuhadithiwa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, familia zilizokula ugali kama siku zote. Huioni, huisikii ladha, na kupika hakuiondoi. Na nikwambie wazi, shemeji: mfuko hautoi sumu iliyokwishaingia. Ukifunga mahindi yenye sumukuvu, utafungua mahindi yenye sumukuvu. Kazi ya mfuko ni kuzuia isiongezeke, na hata hiyo inaiweza tu kama mahindi ni makavu.

Tandaza yawe membamba, kina cha vidole viwili hivi, ugeuze kila baada ya muda. Mimi nageuza kwa miguu, natembea ndani yake kama naburuza kandambili. Jioni kabla umande haujashuka yakusanye katikati na uyafunike kwa turubai hilohilo. Siku ngapi? Sikutajii. Mwaka huu kulikuwa na mawingu, nilianika siku sita. Mwaka juzi tatu zilitosha. Anayeamua ni chumvi.

Kipimo cha chumvi ni hiki, na hapa nakaa kidogo kwa sababu ndipo shemeji alipoanguka. Tafuta chupa ya kioo, safi, kavu kabisa, ina mfuniko. Mimi ninayo ya juisi ambayo wanangu hawaruhusiwi kuigusa. Chukua chumvi ya kawaida na uianike juani kwanza, au uikaange kidogo kwenye kikaango kikavu ikapoe, kwa sababu chumvi yenye unyevu itakudanganya. Jaza mahindi mpaka theluthi moja ya chupa. Usichote ya juu tu, chota na ya chini na ya pembeni ya turubai. Tia vijiko vitatu au vinne vya chumvi. Funga, tikisa vizuri dakika moja, halafu iweke chini na usiiguse dakika 15. Ukirudi angalia kioo kwa ndani. Chumvi ikiwa imeganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15, rudisha kwenye turubai bila ubishi. Ikianguka yote chini na kioo kikabaki safi, yako chini ya 15.

Ila chini ya 15 bado sijafunga. Kiwango kinachotakiwa kwa mahindi ya kuhifadhi ni asilimia 13.5, kwa hiyo chumvi ikishakubali naongeza siku nzima ya jua kali, halafu ndiyo nafunga siku inayofuata yakiwa yamepoa. Usifunge mahindi ya moto. Joto likipoa ndani linaacha jasho, na jasho hilo lina mahali pamoja tu pa kwenda: kwenye punje zako. Wazee wanang'ata punje na kusikiliza mlio. Mimi nang'ata pia, ila nang'ata baada ya chumvi.

Kuna kipimo kingine nilikiona kwa bwana shamba, kadi ndogo ya karatasi inayoitwa DryCard. Nayo ni ya utafiti wa fedha za umma, wa Chuo Kikuu cha California kule Davis. Unaifungia pamoja na mahindi kwenye chombo kisichopitisha hewa, unasubiri, halafu unalinganisha rangi: buluu ni kavu, pinki ina unyevu. Ni rahisi kuliko chumvi na unaitumia tena na tena. Ukiipata nunua. Usipoipata, chumvi ipo kila duka.

Baada ya hapo pepeta. Makapi, pumba na vipande vya magunzi vyote vitoke. Usafi ni sababu moja, ila kubwa zaidi ni kwamba kipande cha gunzi chenye ncha kitatoboa nailoni siku ya kushindilia na hutakiona. Mawe madogo vilevile. Mwanangu wa kidato cha pili nilimpa ungo akaniambia mahindi hayana mawe. Tulipomaliza kulikuwa na mawe ya kujaza kikombe.

Mifuko yenyewe ikague kabla hujalipa. Hesabu: nailoni mbili na salfeti moja. Niliwahi kuuziwa nailoni moja ndani ya salfeti yenye maandishi mazuri, mwenye duka akaapa ndiyo toleo jipya. Duka silitaji, ila tangu siku ile navuta nailoni zote nje palepale kaunta, foleni isubiri. Mimi nilinunua kwa shilingi 5,000 mmoja. Wengine walihofu ile marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019, hiyo ilihusu mifuko ya kubebea bidhaa, vifungashio vya kilimo viliachwa.

Nyumbani, kila nailoni ipulizie. Shika mdomo wake, uupepee ujae hewa kama puto, kunja shingo, halafu uubane polepole kwa kifua huku shavu lako likiwa karibu. Kama kuna tundu utasikia upepo shavuni. Kazi hii wape watoto, wanaifurahia na wana masikio. Mfuko mpya nao upulizie, si wa zamani tu.

Kupanga ni hivi. Chukua nailoni ya ndani, tia mahindi kama debe nusu, uyatikise yatulie kwenye pembe za chini. Halafu uiingize kwenye nailoni ya pili, na hizo mbili uziingize kwenye salfeti. Yale mahindi kidogo ya chini yanasaidia zishuke zikae sawa. Ukizipanga tupu, nailoni zinajikunja, na panapojikunja hewa inajificha. Midomo ya nailoni ikunje kwa nje kama mtu anayekunja kola, kisha endelea kujaza debe kwa debe. Kila debe ukitia, inua mfuko kidogo na uudondoshe chini, ushindilie kwa mikono ukianzia pembeni. Hewa inayobaki ndani ni chakula cha fukusi, punguza kadiri unavyoweza.

Na hapa wafanyabiashara wenzangu wa soko la mahindi la Kibaigwa wanisamehe: mfuko huu haukubali lumbesa. Ukijaza mpaka juu hutakuwa na shingo ya kufunga. Mimi naishia debe tano na nusu kwenye mfuko wa kilo 100, na shingo inayobaki ni kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidoleni.

Kufunga kuna ufundi. Anza na nailoni ya ndani peke yake. Bana hewa itoke, sokota shingo kama unakamua nguo, isokote mpaka iwe ngumu kama kamba. Ikunje mara mbili, ncha irudi chini, halafu funga juu ya huo mkunjo. Kamba ya katani inateleza kwenye nailoni. Mimi natumia mpira wa ndani wa tairi la baiskeli uliokatwa vipande virefu, fundi baiskeli ananipa bure. Mpira unavutika na kukaza. Zungusha mara nne au tano ukivuta. Kisha nailoni ya pili, vilevile, na mpira wake. Kisha salfeti. Mafundo matatu, mipira mitatu. Ukizifunga nailoni zote mbili kwa fundo moja umeondoa faida ya kuwa na mbili. Na sababu ya kuwa na mbili unaijua: Skania ana meno, anaweza kutoboa nailoni moja akitafuta njia.

Andika tarehe kwenye salfeti kwa kalamu ya wino mzito. Andika na kilichomo, hasa kama una maharage na mahindi pamoja stoo. Mume wangu aliwahi kufungua mfuko wa maharage ya mbegu mwezi wa tisa akitafuta mahindi ya kusaga. Tuliufunga tena siku ileile na hayakuharibika, ila alilala na hasira zangu.

Pa kuweka ni juu ya chaga. Usiuweke kwenye sakafu wala usiuegemeze ukutani, acha nafasi ya mtu kupita na tochi. Chini ya bati panapochemka mchana si mahali pake, wala dirishani ambapo jua linapiga. Panya ndiye adui uliyebaki. Harufu ya mahindi inazuiwa na nailoni kwa hiyo anavutwa kidogo kuliko kwenye gunia la kawaida, ila panya wa stoo hahitaji harufu, anatafuna kwa mazoea. Kama mfuko mmoja una punje zilizomwagika pembeni yake umemwandikia barua ya mwaliko. Fagia. Fuga paka.

Halafu uache. Hili ndilo gumu kuliko kuanika. Mwaka wangu wa pili mahindi yalikuwa makavu, mafundo yalikuwa mazuri, na bado yalibunguliwa, kwa sababu kila Jumamosi nilikuwa nafungua kuchota ya kusaga. Kila ukifungua unawaletea fukusi hewa mpya, wanafufuka walio hoi na mayai yanaendelea. Miezi miwili ya mwanzo mimi sigusi kabisa. Mahindi ya kula ya miezi hiyo nayaweka pembeni kwenye ndoo na gunia la kawaida, yataliwa kabla hayajabunguliwa sana. Baada ya hapo nafungua mfuko mmoja kwa wakati, nachota ya wiki mbili, nabana hewa, nafunga tena palepale, nailoni mbili na salfeti. Ya kuuza hayaguswi mpaka mnunuzi amesimama mlangoni na fedha yake.

Ukifungua ya kwanza usishangae kukuta fukusi wachache wamekufa juu. Watu wanarudisha mifuko dukani kwa sababu hiyo. Hao waliingia kutoka shambani wakiwa mayai au mabuu ndani ya punje, wakafia humo. Angalia walio hai, usihesabu maiti. Punje zitakuwa na vitobo vichache vya zamani, ila unga wa kubunguliwa hautakuwepo chini. Mahindi yapepete, yasage. Hayana dawa, kwa hiyo hakuna siku za kusubiri kama ile dawa ya unga ambayo mama mkwe alikuwa anaipima kwa kiganja.

Mbegu pia zinakaa humo. Maharage yangu ya mbegu nayafunga Julai na kuyapanda mwanzo wa mvua, yanaota. Sharti ni lilelile la ukavu. Kwa mbegu usikubali kabisa unyevu wa wasiwasi.

Kuhusu yale ya shemeji yaliyooza: mahindi yenye ukungu asiyaoshe akayaanika upya, asiwape kuku, na asiyapeleke kwa mpika pombe. Kuku naye anaugua sumukuvu, na pombe haiifuti. Achimbe shimo ayafukie. Nailoni zake azioshe kwa maji, azianike zikauke kivulini pande zote mbili, azipulizie upya. Zikiwa hazina tundu zinafaa msimu ujao.

Zangu natumia misimu mitatu. Tundu dogo nalibandika selotepu pana nje na ndani, na nailoni hiyo naishusha cheo, inakuwa ya katikati, ya ndani inakuwa nyingine nzima. Ninayo moja ya mwaka juzi ina mabaka manne ya selotepu. Mwaka huu nimeitoa kazini, inafunika kuni.